Bundi, Filimbi na Chuma cha Kileleni

"Mama Michelle, geuza mtoto kidogo. Bundi haonekani."

Hayo ndiyo maneno yaliyonistaafisha. Tulikuwa kileleni mwa Mlima Homa, mahali ambapo hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna hata kichaka cha kumsitiri mtu aliyebanwa na haja. Mtoto wangu alikuwa mgongoni, amevaa kofia iliyochorwa bundi. Nyuma yetu kilisimama chuma kirefu kuliko mimi. Upande wa Nandi mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi kama sufuria ya mazishi, na radi ilikuwa imeshanguruma, ikapumzika, ikanguruma tena. Na mwajiri wangu, mtu mzima mwenye meno yake yote, alikuwa ameinama na simu, anatafuta bundi.

Mbele ya wageni tumefundishwa kusema hivi: "Bwana Okumu, naona hali ya hewa inabadilika." Nilifungua mdomo niseme hivyo. Kilichotoka ni: "Okumu, ujinga wako una mwisho?"

Omondi, mchukuzi wetu, akaanza kukunja turubali bila kuambiwa na mtu. Filimbi yangu sikuwa nayo shingoni. Bwana Okumu alikuwa amenivua, eti inaharibu picha. Basi nikatia vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi ule wa soko la Kibuye, wa kumwita mteja aliyeanza kuondoka kabla hajaamua suruali. Nikageuka. Nikashuka. Watu wote wakanifuata, na Michelle mgongoni akicheka kwa sababu alidhani mama ameanza mchezo mpya.

Kwa hiyo nimestaafu. Najua watu hustaafu wakiwa na mvi, wakapewa saa ya ukutani na soda. Mimi nimestaafu nikiwa bado nanyonyesha, na saa sikupewa. Lakini ninyi vijana mliobaki kule Kaloleni, Kisumu, mnaoongoza wageni milimani, mtasikia hadithi hii ikisimuliwa na Bwana Okumu, na kwake mimi nitakuwa mwanamke aliyeogopa mvua. Heri mnisome mimi mwenyewe.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa nauza mitumba na shangazi yangu pale Kibuye. Siku moja ndani ya robota la makoti tukakuta kitabu. Kilikuwa cha maandishi ya picha ya Wamisri wa kale, kimekatika nusu, jalada moja limeenda. Shangazi alitaka kufungia njugu. Akaja bwana mmoja mrefu, shati limechomekwa vizuri, akakishika kama mtu ameshika mtoto aliyepotea.

"Hii kitabu ni ya nani?"

"Ni yako ukitaka," nikamwambia.

Alikuwa Bwana Okumu. Wengine husema basi kosa ni langu, mimi ndiye niliyemuuzia. Nakataa. Aliyemuuzia mtu kisu hajamtuma akatahiri.

Akaniuliza kama naweza kutembea. Nikamwambia hata mbuzi anaweza. Akasema ana kampuni ndogo ya kuwapandisha watu milimani, watu wa mjini wanaotaka kunyoosha miguu mwisho wa wiki, na kwamba anatafuta msichana wa kuongoza. Nilipomweleza shangazi, alikaa chini kwenye robota.

"Wanapanda kufanya nini?"

"Kutembea tu, shangazi."

"Na huko juu kuna matanga?"

"Hakuna."

"Yawa! Mtu na akili yake apande mlima na hakuna hata mtu amekufa!"

Siku yangu ya kwanza tulisimamishwa na polisi karibu na Ahero, kwenye kizuizi. Askari akachungulia ndani ya gari, akaona kamba, fimbo, mifuko mikubwa. Akauliza sisi ni kina nani. Omondi, ambaye alitaka kuonekana mtu wa kazi, akajibu kwa sauti: "Wale nyuma ni wageni, afande. Sisi wawili ni magaidi."

Alimaanisha waongozaji. Hivyo ndivyo sisi huku tulivyokuwa tukijiita, kwa Kiingereza chetu cha mdomoni. Tulilala kifudifudi kwenye lami pamoja na wageni, na mmoja wao alikuwa kasisi. Tangu siku hiyo sheria ya kwanza ya kampuni ni kwamba barabarani sisi ni "waongoza wageni", neno zima, hata kama ulimi umechoka.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Risper. Alikuwa mama mnene wa Asembo Bay aliyewahi kuuza samaki, na alipanda mlima polepole kama mtu anayekwenda kudai haki yake, bila kusimama. Viatu vya wageni vyenye kamba rangi rangi alivitazama kwa huruma. Yeye alivaa gambuti, viatu virefu vya mpira. Begani alikuwa na karatasi ya nailoni iliyokunjwa, kipande kikubwa cha kufunikia mahindi, kwa sababu makoti ya mvua, alisema, yanamkinga mtu mmoja tu, na nailoni unaweza kuingiza kanisa.

Na shingoni alikuwa na filimbi. Ilikuwa filimbi ya kawaida ya refa, ya bati, imechubuka. Kwenye kampuni ile kulikuwa na desturi iliyoanza kabla yangu: mwenye filimbi ndiye anayerudisha watu. Mwenye kampuni asirudishe, mgeni asirudishe, hata mheshimiwa awe hapo. Filimbi ikilia mara tatu, kila mtu anageuka, maswali yataulizwa chini. Hata Bwana Okumu mwenyewe niliwahi kumwona akigeuzwa nayo, mdomoni bado ana kipande cha ndizi.

Mama Risper alinifundisha kuangalia ziwa badala ya kuangalia simu. Asubuhi Mlima Homa unakudanganya. Mbingu safi, upepo wa ziwani unakupoza, unajiona umefika mbinguni bila kufa. Mchana mawingu yanaanza kupanga mstari juu ya milima ya Nandi. Yakiwa meupe na mafupi, endelea. Yakianza kuota vichwa kama kabichi, kula haraka. Maji ya ghuba ya ziwa yakibadilika rangi yakawa kama bati kuukuu, mvua imeshaamua, inatafuta njia tu.

"Na upepo ukinyamaza ghafla," aliniambia, "usiulize umeenda wapi. Shuka."

"Na kama mvua haikuja, Mama?"

"Basi mmeshuka wakavu. Kuna ubaya?"

Wageni walikuwa wanamwuliza swali hilo kila mara, wakiwa wamekasirika, wakavu kabisa, wakinywa chai yake chini ya mlima. Ni kazi yenye shukrani kidogo. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na watu huona umewapotezea siku. Shikeni hilo neno, "hakuna kinachotokea", kwa sababu nitalirudia nikiwa na hasira.

Magoti yake yalipokataa, Mama Risper alinivalisha filimbi mbele ya wote pale kwenye baraza ya ofisi Kaloleni. Hakutoa hotuba. Alisema, "Usiazime," akaenda zake Asembo.

Wakati huo kitabu kilikuwa kimeshaanza kumwingia kichwani Bwana Okumu. Alikuwa na maelezo yake. Mto Naili unatoka ziwa letu. Wajaluo walikuja huku wakifuata Naili. Kwa hiyo Mafarao ni shemeji zetu, na labda wana deni la mahari. Tukaanza kumwita Farao, na badala ya kukasirika akanyoosha shingo.

Sitasema uongo, hayo maandishi nami yaliniingia. Tukisubiri wageni, alikuwa ananionyesha kwenye baraza, na kwa kweli alifundisha vizuri. Mstari wa mawimbi ni maji, na pia ni sauti ya "n". Mdomo ni "r". Ukikuta miguu miwili imeachana, kuna safari hapo. Kitu nilichopenda zaidi ni hiki: ndege na watu wote kwenye mstari hutazama mwanzo wake. Wewe msomaji unaanzia upande wanaotazama, unawaendea uso kwa uso, kama mnasalimiana njiani. Nilikuwa natembea mjini nikisoma mabango kwa namna hiyo, nikiwa na furaha ya bure.

Shida ni herufi ya "m". Herufi ya "m", kwa Mafarao, ni bundi.

Sasa ninyi mmezaliwa huku. Mnajua. Mimi naenda kanisani kila Jumapili, siamini mambo ya bundi, lakini akilia juu ya paa la jirani nitampigia jirani simu kuuliza hali. Kwetu bundi, tula, si ndege wa kuchorwa. Farao akachora jina lake kwenye mlango wa ofisi, Okumu, na katikati ya jina akakaa bundi mwenye macho makubwa. Akina mama wa Kaloleni wakaanza kupita ng'ambo ya barabara. Halafu akatengenezesha fulana, kila mfanyakazi na jina lake kifuani. Omondi alipofungua yake akairudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Farao, hii sivai."

"Ni jina lako tu, omera, ndugu yangu. Hiyo ni 'm'."

"Hiyo ni tula. Kifuani kwangu. Nikianguka huko mlimani watu watauliza nani aliniroga, na nitakuwa nimevaa jibu."

"Ni sayansi ya kale!"

"Basi niandike Odondi."

Na ndiyo, fulana ya Omondi ikaandikwa Odondi, na mpaka leo wako wageni wanaomwita hivyo.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Ile alama ya miguu haikuchekesha, ingawa sasa nacheka. Kuna njia panda Mlima Homa, karibu na nusu ya mlima, ambapo njia moja inateremka kwenye zahanati na nyingine inaingia korongo lenye miiba. Farao aliamua kuchora alama kwenye jiwe kubwa pale, ile miguu miwili, kwa rangi nyekundu, ili mtu akipotea aijue njia ya kushuka. Wazo zuri kabisa. Hakuna aliyelipinga, hata mimi.

Siku moja tulikuwa na chama cha akina mama waliohamia kwetu kutoka mbali, wafanyabiashara wa nguo mjini Kisumu, watu wa kucheka sana na chupa za chai. Mvua ilinikuta nikiwa nyuma na mama mmoja aliyeteguka mguu. Nikapiga filimbi, wa mbele wakageuka vizuri, wakashuka vizuri, wakafika kwenye jiwe. Wakatazama miguu. Wakafuata vidole vinakoelekea, kama binadamu yeyote aliyezaliwa na miguu.

Mimi na Farao tuliwakuta jioni kwenye zizi la mbuzi la bibi mmoja upande wa pili wa mlima, wamelowa mpaka kwenye pochi, wanaimba nyimbo za tenzi na kukamua mbuzi wa watu. Kiongozi wao, Mama Njeri, alinishika mkono.

"Hebu niambie, msichana. Ile miguu kwa jiwe ilikuwa inaenda ama inatoka?"

Nikamtazama Farao. Farao, akichuruzika maji, akainua kidole.

"Kimisri, mama, unasoma ukikutana na miguu. Unaenda inakotoka."

Mama Njeri akakamua mbuzi kidogo. "Sasa hiyo miguu ikija kwangu nami nikienda kwayo, nani anashuka?"

Jiwe lilipakwa chokaa wiki iliyofuata, na mimi ndiye niliyelipaka.

Kisha nikapata Michelle. Nilirudi kazini akiwa ameanza kukaa, nikimbeba mgongoni kwenye safari fupi za asubuhi, za chini, kwa ruhusa. Mlima ulimpenda. Alilala akipanda, akaamka akishuka, kinyume cha wageni. Farao naye alimpenda, lazima niseme. Alimnunulia kofia ya sufi. Halafu akaichora jina. Michelle. Linaanza na nini? Mnajua linaanza na nini.

Nilifika nayo nyumbani mtoto amelala, sijaiangalia vizuri. Mama mkwe wangu, ambaye watoto wote wa mtaa humwita Dani, yaani nyanya, alimpokea mgongoni, akaona kile kilicho kichwani mwa mjukuu wake, akampeleka nje moja kwa moja kwenye jua kama nguo yenye unyevu.

"Nani amemwandikia mtoto kifo?"

"Dani, ni 'm' tu."

"'M' ya nini?"

"Ya Michelle."

"Basi kuanzia leo anaitwa Joyce."

Ilichukua siku nyingi jina lirudi. Kofia niliifua mpaka ikachakaa, bundi akabaki. Rangi ya Farao ilikuwa nzuri kuliko mipango yake.

Na mipango ikaendelea. Kwenye kitabu kuna alama moja inayofanana na msalaba wenye kitanzi juu. Ni alama ya uhai. Farao akaenda kwa mafundi wa kuchomelea akatengenezesha moja ya chuma kizito, ndefu kuliko mtu, ikabebwa na vijana wa kijijini mpaka kileleni, ikasimikwa kwa saruji. Ya kupigia picha. Akaiita Chuma cha Uzima.

Nilimwambia siku ile ile. Nilimwambia taratibu, nikamwita Bwana. Nikasema mlima hauna mti, radi ikija itatafuta kilicho kirefu, na sasa tumeipandia kitu kirefu cha chuma na tunawapanga watu chini yake. Akasema wageni wanakipenda. Nikasema mara ya pili, tukiwa ofisini. Akasema hata minara ya simu ni ya chuma. Nikasema hakuna mtu anayepeleka familia ikakumbatie mnara wa simu. Mara ya tatu alinionyesha mchoro wa mwanamke wa Kimisri na mtoto mapajani, mungu wao na mwanawe, akasema, "Fikiria wewe na Michelle, pale juu. Bango la kampuni."

Nilikataa. Kisha akaniambia tutakwenda asubuhi mapema, hewa ikiwa safi, picha moja tu, na kofia, halafu tushuke. Nikakubali hiyo asubuhi. Gari likachelewa kwa sababu ya tairi. Wageni wakataka kupumzika. Picha moja ikawa ya upande huu, ikawa ya upande ule. Filimbi ikavuliwa. Kabichi zikaota juu ya Nandi. Ghuba ikawa bati. Na upepo, ambao ulikuwa unapeperusha leso niliyombebea Michelle, ukanyamaza.

Hapo ndipo aliposema bundi haonekani, na mengine mmeshayasikia.

Tulishuka kwa mwendo ambao Mama Risper angeukataa. Tulipofika zahanati mvua ilikuja yote kwa pamoja, radi ikipiga juu huko hatuoni wapi, na tukabanana barazani, nikiwa nimemshika Michelle kwa mbele sasa, nimemfunika masikio. Farao alifika wa mwisho. Filimbi yangu ilikuwa mfukoni mwake. Aliposhuka akikimbia ilikuwa inagonga simu, tik tik tik.

Mvua ilipoisha mawingu yakafunguka na kilele kikaonekana. Chuma kilikuwa kimesimama, kizuri, kinang'aa. Hakikuguswa. Farao akakitazama, akanigeukia mbele ya wageni, akasema kwa upole kabisa:

"Unaona, Mama Michelle? Hakuna kitu kilitokea."

Nilinyoosha mkono. Akanipa filimbi. Nikampa Omondi. Nikamwambia, "Usiazime." Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kustaafu.

Kesho yake nilikwenda mjini kwenye ofisi inayotoa leseni za kazi yetu, na Michelle mgongoni, bila kofia. Karani alikuwa kijana mpole mwenye kalamu nyingi.

"Nani ameumia, mama?"

"Hakuna."

"Kuna mali imeharibika?"

"Hakuna."

"Sasa tuandike umelalamikia nini?"

"Andika hivyo hivyo."

"Mama, malalamiko huwa ni ya kitu kimetokea."

"Kikitokea sitaweza kuja, ndugu yangu. Nitakuwa pale juu nimeungana na bundi."

Aliniangalia, akamwangalia mtoto, akanisukumia karatasi. "Andika mwenyewe. Nitapiga muhuri." Nikaandika mwenyewe, naye akapiga. Hii hapa, neno kwa neno, ili Farao asiwasomee ya kwake.

KUH: MALALAMIKO JUU YA JAMBO AMBALO HALIJATOKEA

Mimi ni mama wa Michelle na nilikuwa mwongoza wageni Mlima Homa. Nalalamika kwamba kileleni pa mlima huo, mahali pasipo na mti, pamesimikwa chuma kirefu kwa ajili ya picha, na kwamba wageni na watoto husimamishwa chini yake hata radi ikinguruma. Nilimweleza mwenye kampuni mara tatu kwa heshima na mara moja bila heshima. Ile ya mwisho ndiyo pekee aliyoisikia.

Nalalamika pia kwamba nilivuliwa filimbi. Kwenye kampuni ile mwenye filimbi ndiye anayewarudisha watu, na desturi hiyo ilitushusha salama miaka yote bila mtu kuona kazi yake. Naomba iandikwe kwenye leseni ya kila kampuni, na iandikwe kwa herufi za kawaida.

Sidai fidia. Sijaumia, mtoto wangu hajaumia, na hata mwenye kampuni hajaumia. Yeye amelichukua hilo kuwa ushahidi wake. Mimi naleta hilo hilo kuwa wangu.

Siku ile watu wote tulishuka. Kimebaki chuma. Nacho kishuke.